Sitaha ya boti inabonyea pembeni ya nguzo za reli, silikoni imeshindwa

chumvi_kavu:
Wakuu habari zenu. Boti yangu ni faibaglasi, ile ya sitaha yenye matabaka mawili na mbao ya balsa katikati. Mvua ikinyesha maji yanadondokea ndani chini ya nguzo za reli (ile ya kushikilia pembeni ya boti), nimeshapaka silikoni mara tatu kuzunguka vitako vya nguzo inashika kidogo halafu yanaanza tena. Juzi nimekanyaga karibu na nguzo moja nikahisi panabonyea. Niongeze silikoni au ndo nimeshachelewa?

fundi_resini:
Pole mkuu. Achana na hiyo silikoni, tena itakusumbua maana ikishapakwa mahali gundi nyingine haishiki mpaka uikwangue yote. Hayo maji unayoyaona ndani yana nafuu, balaa ni yale yaliyobaki kwenye balsa maana bolti imetoboa moja kwa moja na tundu halikuzibwa.
Ng'oa nguzo. Chukua msumari, upinde ncha, ukate kichwa ufunge kwenye drili, ingiza tunduni uzungushe utafune ile mbao ya katikati pande zote, kama sentimita moja hivi, bila kugusa faibaglasi ya chini. Vuta uchafu wote, PAKAUKE kabisa, usinidanganye kwamba siku moja ya jua inatosha. Ziba chini kwa tepu, mimina epoksi (ile resini ya kuchanganya na kigumishi) nyepesi kwanza inywewe na mbao, halafu jaza epoksi uliyoikoroga na unga wa silika mpaka iwe nzito kama siagi ya karanga. Ikikauka ndo utoboe upya kwa saizi ya bolti. Hapo hata sili, yaani kile kizibo cha kuzuia maji kwenye bolti, ikija kufa maji yatakutana na epoksi, balsa hayaioni.

nanga_mbili:
Hapo kwenye kujaza usimimine nyingi kwa mkupuo, epoksi nyingi pamoja inapata moto ikianza kuganda, mimi kopo lilichemka likatoa moshi mkononi 😅
Na ukishatoboa, panua kidogo mdomo wa tundu kwa juu, sili ipate pa kukaa. Mimi natumia tepu ya butili (utepe laini wa mpira unaonata), unaizungushia chini ya kichwa cha bolti. Mmoja ashike bolti juu isizunguke, wa chini akaze nati, ikizunguka tu umeharibu sili. Kaza kidogo leo, kesho tena, mpaka butili iache kutoka pembeni. Chini weka bamba pana, washa ndogo (kile kipete cha chini ya nati) peke yake inazama.

fundi_resini:
Butili sawa, ila isikae sehemu yenye mafuta au dizeli, inayeyuka. Na ile gundi ya poliyurithani kali kabisa usiweke kwenye kitu utakachokuja kufungua, utang'oa na faibaglasi.

chumvi_kavu:
Asanteni sana. Nimegonga na sarafu kama nilivyoona watu wanafanya, kwingine inalia kali ila kwenye hiyo nguzo moja ni du du du mpaka kama shubiri moja nje, na nilipong'oa bolti yametoka maji meusi.

nanga_mbili:
Aah basi hiyo moja msumari hautoshi kaka, balsa imeshaoza. Chora mpaka wa hiyo du du du kwa penseli, kata tabaka la juu peke yake ulitoe likiwa zima utalirudisha, kwangua mbao yote mpaka ukute nyeupe kavu. Nguzo zingine fanya za msumari. Tupia picha ukishafungua kabla hujanunua balsa mpya.