Naomba ushauri: kupima mpumuo wa vipasuo vya Kimvita

Wanaisimu wenzangu, naomba msaada wa data na wa mbinu za kupima mpumuo (pumzi inayotoka baada ya vipasuo, yaani konsonanti kama p, t na k) katika Kimvita, lahaja ya Mombasa. Je, vijana wa Mombasa waliosomea Kiswahili sanifu bado wanatofautisha paa la nyumba na p'aa mnyama (alama ' ni ya mpumuo), kaa la moto na k'aa wa baharini? Mpumuo huu si pambo: katika ngeli ya 9/10 (ya nomino kama nyumba) ni alama ya nazali (sauti ya puani kama n) iliyodondoka mbele ya p, t, ch na k. Ukipotea, sarufi nayo inaguswa.

Nakusudia kupima kwa Praat, programu ya kuchanganua sauti za usemi, muda kuanzia mlipuko hadi nyuzi za sauti zinapoanza kutetema, kila neno mara 5 ndani ya "Sema ___ tena". Irabu ya "sema" inasaidia kuonyesha pale mfungo (kuzibwa kwa hewa kinywani kabla ya mlipuko) unapoanza. Shida ya kwanza ni rekodi za zamani za MP3: mgandamizo wake hutia ukungu kwenye mlipuko, na kosa la milisekunde 10 hapo ni kubwa. Ya pili ni maandishi. Msomaji akiona "paa" bila alama hajui ni ipi. Picha zinatatua nomino, lakini vivumishi je, kama jua kali na pilipili k'ali? Mmetumia njia gani?

Naomba pia rekodi za WAV (44,100 Hz, biti 16) za wazee wa Mji wa Kale, zilizochukuliwa kwa idhini, na orodha za maneno zinazotenganisha t ya meno na t ya ufizi. Zikichanganywa, vipimo vya t havitaaminika.