Tupeane uzoefu: ndege gani alikufanya uamini viumbe hubadilika?

Mfugaji Mpya: Wakuu, naanza mimi. Mwezi wa tatu nilimwekea mtetea wa kisasa mayai 11 ya kienyeji ayalalie. Akakanyaga mawili, akaenda zake kula pumba. Mama mkwe alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe kuku anayeatamia huacha kutaga, kwa hiyo wazalishaji wa mbegu waliwatoa wa namna hiyo kizazi hadi kizazi. Leo anakaribia mayai 300 kwa mwaka, ila kulalia hakumo tena. Babu yake, kuku-mwitu wa misitu ya Asia, hutaga machache na huyalalia. Kama sisi tumemfuta tabia ndani ya muda mfupi hivi, sembuse jua, njaa na kicheche kwa mamilioni ya miaka? Leteni yenu.

Wa Tanga: Mimi ni kishingo. Jua la Februari wenzake wanahema midomo wazi, yeye anachakura tu. Shingo tupu inapoza mwili.

Mjukuu wa Mrina Asali: Babu alikuwa akimfuata mlembe, ndege anayeongoza watu kwenye asali. Anatua mtini anapiga kelele kama kiberiti kinachotikiswa, ukisogea anarukia mti wa mbele, mpaka mzinga. Mkipasua, asali yenu, yeye nta, maana tumbo lake linaimudu. Wahadzabe kule Eyasi humwita kwa mluzi. Wayao wa Niassa, Msumbiji, humwita "brrr-hm". Watafiti walipiga miito yote miwili pande zote mbili, na mlembe wa kila upande akaitikia zaidi mwito wa watu wake. Yaani hamu ya kuongoza anazaliwa nayo, lugha anajifunza.

Ila ana roho mbaya huyu! Hutaga kwenye viota vya wenzake. Kifaranga wake anaanguliwa kipofu, uchi, na ndoana mdomoni, na gizani humo humo anawang'ata watoto wa mwenye nyumba mpaka wafe. Hakuna aliyemfundisha, mama yake hata hamjui. Ndoana zikimaliza kazi zinatoka.

Bado Nauliza: Mwenye nyumba hagundui? Na wewe Mfugaji, yale mayai tisa yalienda wapi?

Mwalimu wa Baiolojia: Wapo wanaogundua. Mnana, yule ndege anayesuka kiota, hutagiwa na kekeo, ndege mwingine anayetegea viota vya wenzake, basi kila jike ana rangi yake ya mayai: huyu meupe, yule ya buluu, mwingine yana madoadoa. La mgeni akiliona analitupa nje. Niliwahi kuokota ganda chini ya mti wa minana shuleni, buluu safi, na la pili hatua mbili mbele lina madoa. Wanafunzi walibisha kwamba ni ndege wa aina mbili. Sasa minana waliopelekwa Mauritius zaidi ya miaka 100 iliyopita hawana kekeo wa kuwasumbua. Mayai ya jike mmoja huko hayafanani tena sawasawa kama ya ndugu zake wa Afrika. Mlinzi asiye na mwizi!

Mfugaji Mpya: Yale tisa nilimsukumia kienyeji wa mama mkwe usiku uleule. Aliyapokea kwa mdomo, moja moja, akayaingiza chini ya kifua. Sita yametoka.