Tupeane uzoefu: mboga isiyo na nyama wala samaki, na mkaa unaoipika

Mtoa mada, Gungu, Kigoma

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu nyote. Mada hii nailekeza kwa walezi wa familia wa Kigoma na Tabora, ingawa wa mikoa mingine wanakaribishwa, na ninaomba kila atakayechangia aeleze kile kinachopikwa nyumbani kwake mwenyewe. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa shughuli za uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti mwaka 2024, wengi wetu tuliozoea kuifunga siku kwa dagaa au mgebuka tulilazimika kujifunza upya kupika mboga isiyo na nyama wala samaki, na sioni kwa nini ujuzi uliopatikana wakati ule upotee kwa sababu tu mitumbwi imerudi majini.

Nianze na langu. Watu huyapigia maharage hesabu ya kilo, wakasema ni chakula cha gharama nafuu, na hapo wakaishia. Mimi huiendeleza hesabu hiyo hadi jikoni, kwa kuwa maharage yaliyokaa ghalani muda mrefu, yakipikwa bila kulowekwa, hula mkaa mpaka unafuu wake ukaisha. Kwangu hulowekwa tangu jioni kwa ajili ya mchana wa kesho yake, maji ya kulowekea humwagwa, na sufuria hubandikwa kwa maji mapya. Nyanya haiingii mpaka punje ziwe zimelainika kabisa, kwa sababu uchachu wake huzifanya zikawie kuiva. Baada ya hapo huunga kwa kitunguu, karoti ikiwapo, na mawese kidogo, kisha huponda upawa mmoja au miwili ya punje ubavuni mwa sufuria ili mchuzi uwe mzito, maana watu wa nyumba yangu hawajakubali hata siku moja kwamba mchuzi mwepesi ni mboga.

Ninaomba uzoefu wenu katika mambo mawili: namna ya kupunguza mkaa, na namna ya kubadilisha ladha ili watoto wasikae mezani na kuulizana kama ni maharage tena.

Sombe na Mawese, Ujiji

Assalamu alaikum. Dada, umeanzisha mada nzuri, lakini nashangaa mtu wa Gungu kuandika aya zote hizo bila kuitaja sombe, yaani kisamvu. Hapa kwetu kisamvu kilichokwisha kutwangwa hupatikana sokoni kila siku, na mwenye muhogo wake uani hahitaji hata kwenda sokoni. Mimi huchuma majani machanga, huyatwanga pamoja na kitunguu mpaka yalainike, kisha huyachemsha kwa maji mengi, bila kufunika, kwa muda mrefu. Hatua hiyo haifai kufupishwa kwa ajili ya kuokoa mkaa, kwa sababu majani ya muhogo yana sumu ya asili ya sianidi, ambayo hupungua kwa kutwangwa vizuri na kuchemshwa vya kutosha. Maji yakikauka ndipo ninatia nyanya chungu au bilinganya, karanga zilizosagwa, na mawese mwishoni.

Kuhusu mawese nina neno. Wapo wanaoyachoma kikaangoni mpaka wekundu upotee, kwa madai ya kuondoa harufu, na mpishi wa namna hiyo huunguza kile alichokilipia, kwa kuwa wekundu ule ni karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Yapashwe moto wa wastani, yasitoe moshi. Aidha, msiyachanganye na mafuta ya mise, ambayo hutoka katika kiini cha mbegu ya mchikichi na hayana wekundu huo.

Mwezi wa Ramadhani futari yangu kubwa huwa ni mihogo na viazi vitamu vilivyopikwa pamoja na maharage, yakaungwa kwa mawese. Ndugu zetu wa Pwani watasema futari bila nazi haijakamilika, nami huwajibu kwamba nazi ikifika Ujiji imekwisha kuwa mgeni wa heshima, na mgeni wa heshima hapikwi kila siku.

Mstaafu wa Reli, Tabora Mjini

Wanangu, nimewasoma kwa makini. Swali la mkaa nitalijibu mimi, kwa kuwa mke wangu alilimaliza zamani kwa kapu la kupikia, na mpaka leo hakuna kitu kingine jikoni mwetu ambacho kimeokoa fedha nyingi kiasi hicho.

Kapu lenyewe ni tenga la kawaida, pana kuliko sufuria kwa kiganja kizima kila upande. Ndani yake hutandazwa blanketi kuukuu, na kati ya blanketi na tenga hujazwa majani makavu yaliyoshindiliwa. Wengine hutumia vipande vya sponji vilivyotoka katika godoro bovu. Mto mzito huwa ni kifuniko. Maharage yaliyolowekwa huchemshwa kwa moto mkali mpaka yatokote kwa nguvu, nasi huyaacha yatokote hivyo kwa takribani nusu saa, kisha sufuria, ikiwa imefunikwa vizuri, huondolewa jikoni haraka na kuingizwa kapuni, ikafunikwa kwa mto na kuachwa asubuhi nzima. Joto lililomo humalizia kazi bila kipande kimoja cha mkaa. Mchana sufuria hurudishwa motoni kwa muda mfupi tu, ikachemka tena na kuungwa.

Nusu saa ile ya mwanzo msiiguse. Maharage, hasa yale mekundu, yana sumu yake ya asili inayoumiza tumbo na kusababisha kutapika, na sumu hiyo huondolewa na mtokoto wa nguvu. Joto la wastani peke yake haliimalizi. Anayeyaweka kapuni kabla hayajatokota ipasavyo atakula punje zinazoonekana zimeiva na tumbo litamweleza vingine.

Njugu mawe nazo zinafaa sana kapuni, kwa kuwa ni ngumu kuliko maharage na huchosha moto. Mawese hapa Tabora hutufikia kwa njia ileile ya reli ya kati inayokwenda Kigoma, na enzi zangu kazini sikumbuki safari niliyorudi nyumbani bila dumu, pamoja na chumvi ya Uvinza.

Mtoa mada, Gungu, Kigoma

Shikamoo mzee wangu. Ninashukuru kwa maelezo yaliyokamilika. Nina swali moja: kapu lako linafaa pia kwa sufuria ndogo ya familia ya watu watatu?

Mstaafu wa Reli, Tabora Mjini

Marahaba mwanangu. Sufuria ndogo hupoa upesi, kwa hiyo ijazwe karibu na ukingo, na kapu lilingane nayo. Kama ni ya nusu sufuria, afadhali upike ya siku mbili na kuipasha kesho yake mpaka ichemke.

Mama wa Isevya, Tabora

Nimefurahi kuona Tabora imetajwa, lakini mzee ameieleza kama mahali pa kupitishia mawese, ilhali sisi tuna mboga zetu ambazo Kigoma hawazipiki kwa wingi. Nitaeleza kwa kufuata majira, kwa sababu kupika kwa gharama ndogo, kwa maoni yangu, ni kujua mwezi upi kitu gani kimejaa sokoni.

Mvua zikianza kushika, mwezi wa Novemba na Desemba, mgagani na mlenda huota hata pale ambapo hakuna aliyepanda, na kunde hutoa majani machanga muda mfupi baadaye. Mgagani una uchungu, na watoto huukataa; mimi huuchemsha, humwaga maji ya kwanza, kisha huupika kwa rojo la karanga, na uchungu unaobaki huwa wa kuamsha hamu tu. Majira hayohayo uyoga wa misituni huletwa barabarani kwa ndoo na beseni. Uyoga uliopikwa kwa karanga humridhisha hata baba wa nyumba anayedai kwamba hajala mpaka atafune kitu, lakini mimi hununua kwa wauzaji ninaowafahamu, aina ninazozifahamu, kwa kuwa upo uyoga wenye sumu isiyoondoka kwa kuchemshwa.

Mavuno yakipita, karanga, kunde, choroko na njugu mawe hushuka bei, na hapo ndipo ninaponunua kwa debe. Choroko ndiyo ninayoipendekeza kwa dada wa Gungu, kwa kuwa huiva upesi kuliko maharage hata bila kulowekwa, na ikichanganywa na mchele katika sufuria moja tunapata mseto, chakula kinachojitosheleza kwa jiko moja na moto mmoja. Nafaka na kunde hukamilishana katika protini, kila kimoja kikileta kile ambacho mwenzake anacho kidogo, na ndiyo sababu mseto na makande humshibisha mtoto kwa namna ambayo ugali na mchuzi wa nyanya hauwezi.

Kiangazi kikikaza, mboga mbichi hupanda bei, nasi hugeukia vya akiba. Hapo huja nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa, pamoja na matobolwa na michembe. Kwa wasiofahamu, matobolwa ni viazi vitamu vilivyochemshwa kwanza, vikakatwa na kuanikwa. Michembe huanikwa ikiwa mibichi. Michembe niliyoipika pamoja na karanga zilizotwangwa imekuwa kifungua kinywa cha watoto wangu kwa miaka, na tangu tuizoee, mkate umekuwa wa siku za wageni.

Mkulima wa Maharage, Kasulu

Nawasalimu wote. Mimi ni mkulima, na ninaomba niseme jambo ambalo wauzaji wenzangu hawatalipenda. Mkaa mwingi unaopotea katika kupika maharage husababishwa na kununua maharage yaliyozeeka. Punje mpya ina ganda linalong'aa na rangi iliyochangamka; iliyokaa muda mrefu mahali penye joto na unyevu hufifia, na hata ikilowekwa usiku kucha huweza kukataa kulainika. Ulizeni yamevunwa msimu gani, na msichanganye ya zamani na mapya katika sufuria moja, kwa kuwa mapya yatapondeka wakati ya zamani bado yanagonga meno.

Pili, sikubaliani na wanaotia magadi katika kila sufuria. Ni kweli magadi hulainisha punje upesi, lakini huharibu vitamini, hususan thiamini, na huacha ladha ya sabuni yakizidi. Mke wangu hajayatumia kwa muda mrefu sasa, na maharage yanaiva.

Mama wa Isevya, Tabora

Kaka wa Kasulu, wewe unakula maharage yaliyotoka shambani jana. Sisi tunaonunua dukani mwezi ambao haijulikani yalivunwa lini, tutaendelea na magadi kiasi cha ncha ya kijiko. Katika nsansa na mlenda siyaachi, kwa kuwa bila magadi mlenda hauvutiki inavyotakiwa.

Baba Mpishi, Mwanga, Kigoma

Mimi ndiye ninayepika nyumbani siku za mapumziko, na nina machache. Tulinunua jiko la presha la umeme, nalo hupika maharage yaliyolowekwa kwa chini ya uniti moja. Bei yake ya kununulia si ndogo, na umeme ukikatika katikati ya mapishi tunarudi kwenye mkaa, lakini kwa mwezi tofauti inaonekana.

Jambo jingine tuliloelezwa kliniki mke wangu alipokuwa mjamzito: anayetegemea mboga za majani na kunde kupata madini ya chuma akamulie ndimu katika chakula au ale embe au chungwa pamoja nacho, na chai inywewe baadaye, kwa kuwa chai hupunguza chuma kinachofyonzwa mwilini. Vilevile yai au maziwa visikosekane kabisa katika wiki, kwa sababu vitamini B12 haimo katika mimea. Tangu hapo birika la chai halikai mezani wakati wa chakula.

Katekista, Kibondo

Mwaka 2025 Kwaresima na Ramadhani zilianza kwa kupishana siku chache, na mtaani kwetu majirani wa dini zote mbili tulijikuta tukipeana sahani za mboga zilezile jioni. Chakula kilichopendwa kuliko vyote kilikuwa ndizi mbichi zilizopikwa pamoja na maharage na nyanya chungu. Siri yake ni kutia ndizi wakati maharage yamekwisha kuiva, kwani ndizi haina subira.

Sombe na Mawese, Ujiji

Mama wa Isevya, tafadhali nielekeze kuhusu nsansa. Kunde ninazo uani, na majani yakizidi huwa ninawapa mbuzi wa jirani.

Mama wa Isevya, Tabora

Mwambie jirani atafute majani mengine. Chuma yaliyo laini, yaoshe, kisha yatokose kidogo tu, kiasi cha kunywea, kwa chumvi chache; wapo wanaoyaanika mabichi, lakini ya kutokoswa hulainika upesi yanapopikwa. Yachuje, uyatandaze kwa wembamba juu ya ungo au mkeka safi, mahali penye upepo na kivuli, kwa kuwa jua kali hupunguza vitamini A na kuyafanya yawe ya rangi ya kahawia. Yakivunjika unapoyafikicha, yamekauka. Yahifadhi katika chombo chenye mfuniko unaobana. Siku ya kupika, yaloweke kwanza, yachemshe mpaka yalainike, ndipo utie karanga, na kwa kuwa uko Ujiji, jaribu na mawese, kisha urudi hapa utueleze, maana kwetu hatujawahi kuyaunga hivyo.