Nitambueje umri wa kisu cha Okapi nilichorithi, na je, nikisugue?

Mjukuu wa Muheza
Nawasalimu nyote. Baada ya babu yangu kufariki nilikabidhiwa kisu chake cha kukunja, aina ya Okapi, ambacho alikitumia kwa miaka mingi katika mashamba ya mkonge. Mpini wake ni wa mti uliopambwa kwa vipande vya madini vyenye umbo la nyota na hilali, na mgongoni ipo pete ambayo huvutwa ili kuachia kifungio wakati wa kukikunja. Nyumbani tumekuwa tukisimuliwa kwamba babu alikirithi kwa baba yake, naye alipewa na bwana shamba wa Kijerumani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Ubapa umeshika weusi, na karibu na kiungo kuna kutu. Nimekusudia kuusugua kwa msasa mpaka ung'ae, kisha nianze kukusanya visu vingine vya zamani. Je, ninakosea?

Makali ya Kale
Ndugu, tafadhali uweke msasa kando. Weusi huo si uchafu, bali ni utando ambao feleji ya kaboni hujijengea kwa miaka kadiri inavyokutana na maji ya matunda, nyama na jasho la mkono, na kwa kiasi fulani huikinga dhidi ya kutu nyekundu. Mkusanyaji huulipia utando huo, na hukipunguzia thamani kisu kilichong'arishwa upya. Lililo baya zaidi ni kwamba msasa hufuta maandishi yaliyogongwa kwenye shina la ubapa, yaani sehemu isiyo na makali karibu na kiungo, nayo ndiyo yatakayokujibu swali la umri.

Visu vya Okapi vilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni yake ya Afrika, mwaka mmoja tu baada ya wanasayansi wa Ulaya kumtambua rasmi okapi, mnyama wa misitu ya Kongo, kwa hiyo simulizi ya nyumbani kwenu haikosi msingi. Hata hivyo, chunguza neno linalotaja nchi. Ukikuta "W. Germany" au "Western Germany", kisu ni cha baada ya Vita Kuu ya Pili, wakati Ujerumani ilipokuwa imegawanyika, na si zaidi ya mwaka 1990. Ukikuta Afrika Kusini, hakiwezi kuwa cha kabla ya mwaka 1988, kwa kuwa ndipo kampuni ya huko iliponunua alama na mitambo.

Bi Mkunguni
Naongeza la utunzaji, maana sisi wa pwani hewa ya chumvi hutuadhibu. Dondosha mafuta ya cherehani kwenye kiungo, ukiache kisu usiku kucha, kisha ufute kwa kitambaa cha pamba. Kutu nyingi italegea na herufi zitasomeka. Usitumie mafuta ya kupikia, kwani huganda yakawa kama gundi. Usikihifadhi ndani ya ala ya ngozi, kwa sababu ngozi hunyonya unyevu na kuurudishia ubapa.

Utakapoanza kununua, vitenge peke yake visu vyenye mipini ya seluloidi, ile plastiki ya kale inayofanana na gamba la kasa. Ikianza kuoza hutoa mvuke wenye asidi unaoozesha visu vyote vya jirani. Nilipoteza vitatu katika sanduku moja kabla sijaelewa kilichokuwa kikitokea. Mpini wa pembe ya ndovu usiuguse kabisa, hata ukiambiwa ni wa karne iliyopita, kwani utajitafutia kesi.

Mjukuu wa Muheza
Nawashukuru. Nimefuata maelekezo ya mafuta ya cherehani, na leo asubuhi, kwa msaada wa kioo cha kukuzia, nimesoma "Solingen", mji wa Ujerumani wa watengeneza visu, na chini yake "W. Germany". Basi Mjerumani wa kabla ya vita hakuhusika. Nimempigia shangazi simu, naye akacheka sana, akasema kwamba kisu cha babu mkuu kilipotea mtoni zamani, na hiki babu alikinunua dukani Tanga kwa mshahara wake wa mkonge. Nimekifuta, nimekitia mafuta, na msasa nimeurudisha kwa fundi seremala.

Makali ya Kale
Muulize shangazi kama anakumbuka ni mwaka gani, kisha uandike kwenye karatasi na kuiweka pamoja na kisu.