Mrejesho: Wakati uliopita wa Kihispania umeanza kuniingia

Wakuu, narudi kama nilivyoahidi. Niliuliza kwa nini mwalimu wangu alicheka nilipoandika "hablo con mi madre ayer", nikimaanisha jana niliongea na mama. Mlioniambia kosa liko kwenye mwisho wa kitenzi na ile alama juu ya herufi, mlipatia. "Hablo" ni naongea, "habló" ni aliongea, na mimi nilitaka "hablé". Alama hiyo nilikuwa naiona pambo tu, kumbe bila hiyo unabadilisha mtu na wakati kwa mpigo mmoja.

Vitenzi vya kawaida sasa havinisumbui. Vile ambavyo umbo lake la msingi linaishia na -er au -ir vina miisho ileile (comí, nilikula; viví, niliishi), kwa hiyo ni kazi moja. Balaa ni vile vikorofi, visivyofuata kanuni. "Fui" ni nilienda na pia nilikuwa! Fui a Madrid (nilienda Madrid), fui profesor (nilikuwa mwalimu), unaangalia sentensi. Halafu "tuve" (nilikuwa na), "hice" (nilifanya) na "dije" (nilisema) havina alama kabisa, wakati mimi nimeshazoea kuipachika kila mahali.

Aliyenishauri nipime kwa Kiswahili, asante sana. "Nilikula" naweka comí, "nilikuwa nakula" naweka comía. Mara nyingi inakubali, ila "nilimjua" ilinikwamisha: kumjua tu ni "conocía", siku mliyofahamiana ni "conocí". Hapo ndipo nilipopoteza maksi kwenye jaribio la Ijumaa. Nimepata 14 kati ya 20, si haba.