Mtihani wa leseni wiki ijayo, mlima wa stesheni kwenda Mwanga ndio unaninyima usingizi

MamaDagaa_Ujiji

Habari zenu wapendwa, wa huku Kigoma na hata mlioko mbali. Naomba mawazo yenu maana wiki ijayo nipo kwa trafiki kwa ajili ya mtihani wa leseni na moyo hautulii kabisa. Mimi naishi Ujiji, biashara yangu ni dagaa na mawese, na kaka yangu tumeshirikiana tukanunua kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo, ili tuache kukodi bajaji za mizigo kila tukitoa mzigo Kibirizi kupeleka soko la Mwanga. Kaka muda mwingi yupo Kasulu kwa hiyo wa kuiendesha ni mimi.

Laena, ile leseni ya muda ya kujifunzia, ninayo, chuo nimesoma, alama nazijua. Shida ni mlima. Muda wote chuo wametuendesha huku Ujiji kwenye tambarare, gia moja, gia mbili, kona, riversi, vizuri tu. Juzi ndio mwalimu kanipeleka barabara ya Lumumba, pale unapotoka stesheni unapandisha kwenda Mwanga, katikati ya mlima akasema simama, nikasimama, akasema haya ondoka. Kuachia breki gari linarudi nyuma na nyuma yangu kuna bodaboda amepakia mama na mtoto, nakanyaga breki linazima, nawasha linazima tena, honi zinalia. Mwalimu akaishia kusema utazoea, tukarudi zetu Ujiji.

Sasa naomba anayejua aniambie mguu unatakiwa ufanye nini hasa, maana "utazoea" hainisaidii. Halafu kuna mtu amenifuata eti nitoe hela nipate leseni bila kupimwa. Hilo sitaki, nitakuwa napita sokoni kwenye watoto wa watu.

Dereva_wa_Fuso

Shikamoo mama yangu. Mimi nabeba mzigo Kigoma Kasulu Kibondo miaka mingi na huo mlima naujua. Tatizo lako sio woga, hujafundishwa klachi inashikia wapi. Kila gari lina sehemu yake, kuna lingine linashika mguu ukiwa chini chini, lingine mpaka uwe karibu umemaliza kuachia, na kirikuu ya mtu mwingine sio kirikuu yako.

Fanya hivi, anza kwenye tambarare hukohuko Ujiji. Washa gari, weka gia moja, mguu wa kulia uweke pembeni kabisa usiguse mafuta. Achia klachi taratibu mno mpaka usikie mlio wa injini unashuka, unakuwa mzito, na gari linataka kusogea. Hapo simamisha mguu, usiachie zaidi. Ndio inashika hapo. Rudia hivyohivyo asubuhi nzima mpaka kisigino chako kipajue bila wewe kufikiria, maana kule mlimani hutapata nafasi ya kufikiria.

Ukishapajua ndio uende mlimani. Unasimama kwa breki ya mguu, unavuta hendibreki mpaka ikamate vizuri, unaweka gia moja. Mguu wa kulia sasa unatoka kwenye breki unaenda kwenye mafuta, unakanyaga kidogo injini iongeze sauti, sio kuunguruma. Kushoto unaachia klachi mpaka palepale, utaona pua ya gari inanyanyuka kidogo na mlio unakuwa mzito. MGUU USIONDOKE HAPO. Angalia vioo, weka indiketa, hakuna anayekupita, ndio unashusha hendibreki huku unaongeza mafuta kidogo. Gari halirudi nyuma hata inchi moja, linaondoka mbele. Klachi iliyobaki unaimalizia baada ya gari kutembea, watu wengi wanaiachia kwa ghafla wakishaona limesogea na hapo ndipo linapozima.

Na likizima usishike ufunguo kwanza. Breki, hendibreki, klachi chini, halafu ndio uwashe. Honi za nyuma waachie wenyewe.

Kijana_wa_Katubuka

dada kwani lazima kirikuu?? siku hizi watu wanaendesha oto, unakanyaga tu unaenda, uza hiyo tafuta gari ya oto uache kuteseka na klachi, mi sijawahi kugusa klachi toka nianze kuendesha na maisha yanaenda

Mwl_Mstaafu_Gungu

Kijana, yule mama anabeba magunia ya dagaa na madumu ya mawese, gari la mzigo la bei anayoiweza hapa kwetu ni hilohilo la gia. Na mtu anayejua gia akipewa oto anaondoka nayo siku hiyohiyo, wewe ukipewa kirikuu leo mgonjwa yuko ndani utabaki umesimama. Tumsaidie na alichonacho.

Mama Dagaa, nimefundisha udereva zamani kidogo na niseme hili kwa uchungu. Chuo kinachomfundisha mtu kwenye tambarare tu katika mji kama huu ambao kutoka ziwani kila barabara inapanda, hakijamtendea haki. Umelipa ada, rudi uwaambie unataka vipindi vya mlimani kabla ya mtihani, na useme kwa heshima lakini usiondoke mpaka wakupangie siku.

Kuhusu trafiki, anaanza kukuangalia kabla hujawasha gari. Zunguka gari lako, angalia matairi, angalia taa, angalia kama kuna oili imedondoka chini. Ukiingia rekebisha kiti kwanza, halafu vioo, halafu mkanda. Kiti kwanza kwa sababu ukirekebisha vioo halafu ukasogeza kiti vioo vyote vinapotea, na wewe ambaye klachi inakusumbua kiti kikiwa mbali kidogo tu mguu unafikia kwa vidole na huwezi kuituliza. Goti la kushoto libaki limekunja kidogo hata klachi ikiwa chini kabisa.

Alama usizikariri moja moja, zielewe kwa umbo na rangi. Pembetatu yenye ukingo mwekundu inakuonya kuna kitu mbele. Duara lenye ukingo mwekundu linakukataza au linakuwekea kikomo. Duara la bluu linakuamuru. Pembetatu iliyogeuzwa kichwa chini, toa nafasi kwa wenzako. Yenye pembe nane, simama kabisa magurudumu yaache kuzunguka, hata kama barabara nyeupe huoni mtu. Kwenye kipilefti, yaani mzunguko wa njia panda, unawapisha walioko kulia kwako ambao tayari wamo ndani. Zebra kuna mtu anataka kuvuka, unasimama. Kibao cha 50 kinakushika mpaka ukute kingine kinachokuachia, sio mpaka nyumba ziishe.

Na huyo wa kukuuzia leseni umefanya vema kumkataa, mwanangu. Karatasi haishiki breki.

MamaDagaa_Ujiji

Marahaba baba dereva, na shikamoo mwalimu. Leo asubuhi nimefanya ile ya klachi bila mafuta, kweli kabisa mlio unabadilika! Yangu inashika juu juu, ndio maana nilikuwa naachia naona bado halafu ghafla linaruka linazima. Kiti nacho nimesogeza mbele. Chuo nimeenda wamekubali kunipeleka mlimani Jumapili asubuhi.

Naomba niulize na haya. Nikiwa na mzigo itakuwa vilevile? Na kushuka je, maana nikitoka Mwanga kwenda stesheni ni mteremko mwanzo mwisho na naona wenzetu wanatoa gia wanatelemka frii kuokoa mafuta.

Dereva_wa_Fuso

Mama hiyo ya frii naomba sana usiiguse. Ukitoa gia injini haikushikilii tena, kazi yote inabaki kwa breki, na breki ikishapata moto unakanyaga mguu unazama haikamati. Shuka na gia mbili, mzigo ukiwa mzito weka moja, na uiweke kabla hujaanza kushuka, kule katikati ya mteremko gari limeshachukua kasi kuirudisha gia inaweza kugoma. Kanuni yetu sisi wa malori ni gia uliyopandia ndiyo ushukie.

Kuhusu mzigo, klachi inashika palepale ila mafuta unaongeza kidogo zaidi, na hendibreki lazima iwe nzima. Simamisha gari kwenye mlima na magunia yako, vuta hendibreki, achia mguu. Likisogea mpeleke fundi aikaze kabla hujafanya biashara yoyote. Na mawese yakimwagika kwenye bodi yanatiririka mpaka chini kwenye magurudumu, funga madumu vizuri uyasimamishe. Halafu mvua ile ya kwanza baada ya kiangazi lami inateleza kuliko mvua ya katikati ya msimu, vumbi na oili vinachanganyika, siku hiyo nenda polepole na mwachie wa mbele nafasi kubwa.

Nesi_Mwanga

Pole na hongera dada. Mimi nimefaulu mwaka huu hapahapa Kigoma. Trafiki wangu hakuwa mkali, aliniuliza alama chache, akaniambia niondoke, nikate kona, nirudi nyuma, na ndio, mlimani alinisimamisha. Alichonisisitizia ni vioo. Ukiangalia geuza kichwa kidogo aone kweli umeangalia, maana ukizungusha macho tu yeye hajui, na bodaboda wa hapa wanakuja upande usioutegemea.

Angalia tarehe ya laena yako leo hii, ni ya miezi 3 tu, ikiisha kabla ya mtihani unalipia upya. Cheti cha chuo, kitambulisho cha NIDA na namba ya TIN viweke pamoja kwenye bahasha moja. Ukifaulu leseni unalipia TRA, mimi nimelipa 70,000 ya miaka 5.

Jumapili muombe mwalimu muanze saa 1 asubuhi watu wakiwa makanisani barabara inakuwa tulivu, mrudie pale kati ya mlima mpaka uchoke, halafu saa 5 hivi foleni ikirudi mpite tena na bodaboda wakiwepo. Vibao vya L viwe viwili, mbele na nyuma, cha nyuma kiwe kinaonekana vizuri ili anayekufuata akuachie nafasi.

MamaDagaa_Ujiji

Saa 1 nimeshamwambia mwalimu, amekubali. Cha nyuma kimechakaa rangi yote imetoka, kesho nachonga kingine pale Mwanga.