Fleti Dubai ukiwa Mombasa: mkopo wa benki ya kule, awamu za mwenye mradi, au rehani ya huku?

MwanaKizingo
Assalaam aleikum wanajamvi. Nina azma ya kununua fleti ya chumba kimoja Dubai, upande wa Jumeirah Village Circle, bei kama dirhamu 800,000. Naishi Mombasa, mshahara ni wa shilingi, na sina ukaazi wa kule. Naona njia tatu: mkopo wa benki ya Dubai, kulipa kwa awamu kwa mwenye mradi, au kuweka rehani nyumba yetu ya Bamburi, nikope huku nikalipe taslimu. Ipi afadhali?

DalaliWaDeira
Waaleikum salaam. Benki Kuu ya Falme za Kiarabu inaruhusu mgeni mwenye ukaazi akopeshwe hadi asilimia 80 kwa nyumba ya kwanza isiyozidi dirhamu milioni 5. Wewe usiye mkaazi, benki nyingi zitaishia nusu, zikikupenda sana 60. Na si kila benki inayokubali mshahara wa Kenya. Uliza hilo kwanza, kabla hujalipa ada hata moja.

Ukipewa nusu, mfukoni utoe hivi: 400,000 za mwanzo, asilimia 4 ya Idara ya Ardhi (32,000), dalali asilimia 2 pamoja na VAT (16,800), usajili wa rehani 1,290, ofisi ya uhamisho 4,200, mthamini kama 3,000. Jumla inapita 457,000, karibu shilingi milioni 16. Wengi huzisahau hizo ada, na tangu Februari 2025 benki hairuhusiwi kukutilia ada ya Idara wala ya dalali ndani ya mkopo.

BintiMakadara
Nyinyi mwazungumza riba kama bei ya nyanya! Kaka, kama riba yakukera, benki za Kiislamu za kule zina ijara: benki yanunua nyumba, yakukodisha, na kila mwezi walipa kodi pamoja na sehemu ya mtaji mpaka iwe yako. Huku nako Gulf African Bank wana musharaka ya kupungua: wewe na benki mwanunua kwa ubia, kisha walinunua fungu la benki kidogo kidogo. Lakini uliza kodi ya ijara yapangwaje. Mara nyingi hufuata EIBOR, kiwango ambacho benki za kule hukopeshana, kwa hivyo chapanda nayo yapanda. Usidhani umekwepa kupanda na kushuka.

MzeeWaHesabu
Mnabishana juu ya asilimia, na kinachomuumiza mtu wa Mombasa ni shilingi. Chukua mkopo wa dirhamu 400,000, miaka 15, tuseme kwa asilimia 5. Rejesho ni kama dirhamu 3,160 kwa mwezi. Dola ikiwa 129, hiyo ni shilingi 111,000. Januari 2024 dola ilifika karibu 160. Rejesho lile lile lingekuwa 137,000 na ushei, na mshahara wako haujasogea hata senti. Kodi ya mpangaji italipwa kwa dirhamu, sawa, inakinga. Lakini toa sevisi chaji ya jengo, toa miezi fleti ikikaa tupu.

Kukopa huku kunakuondolea hofu hiyo, maana unalipa kwa shilingi unazopata. Shida ni riba ya huku, imekuwa ya tarakimu mbili miaka nenda miaka rudi, na ukishindwa wanauza nyumba mnayolala. Tena kama Bamburi ndiko mnakoishi, Sheria ya Ardhi ya 2012 inataka idhini ya mkeo. Ushamwambia?

BahariaNyali
Mimi nalipwa dola melini, na dirhamu imefungwa kwenye dola kwa 3.6725 tangu 1997, kwa hivyo hilo la Mzee halinigusi. Nilichukua nyumba ya kwenye ramani, yaani haijajengwa bado, kwa awamu. Hakuna aliyeniuliza karatasi za mshahara, na riba haitajwi, ingawa bei yenyewe ishawekewa chumvi. Sheria Namba 8 ya 2007 inataka pesa ziingie kwenye akaunti maalumu ya mradi, si mfukoni mwa kampuni. Lipa huko tu, jina la akaunti ulisome herufi kwa herufi, na udai cheti cha Oqood, ndicho kinachoonyesha umesajiliwa kabla ya hati miliki. Mradi wangu ulichelewa, na kodi niliyoitegemea ikachelewa nayo. Mpango wa 60/40 nao utazame vizuri: asilimia 60 unalipa jengo likijengwa, na ile 40 inadaiwa yote siku ya kukabidhiwa funguo.

MwanaKizingo
Ahsanteni. Mzee, mke nimemwambia usiku huu, jibu lake ni hapana, kwa hivyo Bamburi imetoka. Kianzio cha milioni 16 pia sina. Naelekea kwenye awamu, ila hiyo 40 ya mwisho, benki itanikopesha?

DalaliWaDeira
Yaweza, ila itakupima kama mteja mpya siku hiyo, kwa riba ya siku hiyo, na mkopo uwe umekwisha kabla hujafika miaka 65. Wanaangalia pia madeni yako yote kwa pamoja, marejesho yasizidi nusu ya kipato. Kama una mkopo wa sako, anza kuumaliza sasa.

MzeeWaHesabu
Na ukituma pesa nyingi, benki ya huku itataka karatasi za pesa zilikotoka. Weka mkataba na risiti za awamu pamoja.